Kuhesabu kwa Kipunjabi: Kila Nambari na Jina Lake

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Mombasa, akifika Makindu, aghalabu huliona hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka wa 1926 karibu na reli. Hapo mgeni yeyote, awe wa dini gani au kabila gani, hupewa chakula bila ya kuulizwa hata senti moja. Wengi wamekula dengu na chapati za hapo, na wengi zaidi wameiona ile alama ੴ ambayo hupamba mahekalu ya watu hao kila mahali. Lakini ni wachache wajuao kwamba alama hiyo haianzi kwa herufi. Yaanza kwa tarakimu. Kile kipande cha kwanza, ambacho jicho letu laweza kukidhania kuwa ni 9, ndiyo moja ya Kipunjabi, nayo husomwa "ikk". Alama nzima yatangaza kwamba Mungu ni mmoja, na ndiyo inayofungua kitabu kitakatifu cha Masingasinga, Guru Granth Sahib.

Watu ambao kitabu chao kikuu chaanza kwa moja, yafaa tuitazame hesabu yao kwa makini. Katika makala haya msomaji ataona jinsi Mpunjabi ahesabuvyo na aandikavyo nambari zake. Ataona pia kwa nini hesabu hiyo, ambayo mtu angeidhania kuwa ndiyo sehemu rahisi ya lugha, ndiyo iwezayo kupotea mapema katika nyumba ambayo wazee wameacha kuisema mbele ya watoto.

MAJIRANI WA SIKU NYINGI

Punjab ni nchi ya mito mitano. Jina lenyewe lasema hivyo: "panj" ni tano, na "ab" ni maji kwa Kiajemi. Mito hiyo ni Jhelum, Chenab, Ravi, Beas na Sutlej. Mwaka wa 1947, Waingereza walipoondoka Bara Hindi, Punjab ilikatwa vipande viwili, kimoja kikaingia Pakistan na kingine India. Wapunjabi wako Waislamu, Masingasinga, Wahindu na hata Wakristo, lakini lugha yao ni moja.

Sisi huku tumekuwa majirani wao tangu zamani. Kati ya mwaka wa 1896 na 1901, reli ilipokuwa ikijengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu, Waingereza waliwaleta wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, na wengi wao walitoka Punjab. Wapatao 2,500 walifia kazini. Wengi wa waliosalia walirudi kwao mikataba yao ilipokwisha, na wengine wakakaa, wakawa mafundi seremala, waashi, makanika, wenye maduka na makarani.

Mishahara yao ilihesabiwa kwa rupia, na rupia ilikuwa ndiyo fedha ya nchi hii mpaka mwaka wa 1920. Rupia moja ilikuwa na ana 16, na kila ana ilikuwa na paisa nne. Neno letu "pesa" limetokana na hiyo paisa. Kadhalika neno "laki", tunalolitumia kwa 100,000, limetoka Bara Hindi. Maneno hayo yaliletwa pwani na biashara ya Wahindi kwa jumla, kabla hata reluwe ya kwanza haijatandazwa. Basi kila siku twahesabu kidogo kwa lugha zao bila ya kujua.

KUTOKA IKK HADI DAS

Hizi ndizo nambari kumi za kwanza: ikk, do, tinn, char, panj, chhe, satt, atth, naun, das. Mtu ajuaye Kiajemi atazitambua "do" na "panj" mara moja, kwa kuwa lugha hizo mbili ni ndugu. Hata Kiingereza ni jamaa yao wa mbali.

Mwanafunzi wa Kiswahili ataona taabu katika mambo mawili. La kwanza ni ile sauti ya kukaza. "Satt" haisemwi "sat". Ulimi hung'ang'ania pale mwishoni kabla ya kuachilia. La pili ni pumzi. "Chhe" hutamkwa kwa kutoa pumzi ya nguvu, na "char" hutamkwa bila pumzi hiyo. Mtu wa Mombasa asemaye Kimvita safi hatapata shida hapa, maana yeye hutenganisha paa la nyumba na paa wa mwituni kwa pumzi hiyo hiyo.

Mpaka hapa kazi ni nyepesi. Mtoto mwenye akili timamu atazishika nambari hizo kwa muda wa alasiri moja. Ugumu unaanza baada ya kumi.

HAKUNA NJIA YA MKATO

Tufikirie kwanza Kiswahili chetu. Anayetaka kuhesabu hadi 99 ahitaji maneno 18 tu: kumi ya kwanza kutoka moja hadi kumi, na manane ya makumi kutoka ishirini hadi tisini. Yaliyosalia huyaunganisha kwa "na". Akijua "arobaini" na akijua "saba", ataisema arobaini na saba hata kama hajawahi kuisikia maishani mwake. Hesabu yetu ni kama nyumba ya matofali. Ukiwa na matofali, wajijengea mwenyewe.

Hesabu ya Kipunjabi haiendi hivyo. Kila nambari kutoka moja hadi mia ina jina lake. Kumi na moja ni giaran, kumi na mbili ni baran, kisha teran, chaudan, pandran, solan, sataran, atharan, na 19 ni unni. Ishirini ni vih. Hapo mwanafunzi hutazamia kusikia "vih na moja", lakini wapi! Ishirini na moja ni ikki, 22 ni bai, 23 ni tei, 24 ni chauvi, 25 ni pachchi, 26 ni chhabbi, 27 ni satai, 28 ni athai. Tazama jinsi ishirini yenyewe ilivyomezwa, ikabaki ile "i" ya mwisho peke yake.

Mbili nayo hubadilisha nguo kila mahali. Peke yake ni "do", lakini ndani ya 22 ni bai, ndani ya 32 ni batti, 42 ni batali, 52 ni bavanja, 62 ni bahat, 72 ni bahattar, 82 ni biasi, na 92 ni banven. Mtu akiyachunguza maneno hayo ataona kwamba yametokana na mzizi mmoja wa kale, lakini miaka mingi ya kusemwa haraka sokoni na shambani imeyakwaruza kama mawe ya mtoni. Hakuna kanuni moja ambayo mtoto angeweza kupewa ili ayatunge mwenyewe.

Liko jambo jingine la kupendeza. Nambari zinazoishia na tisa huhesabiwa kwa upungufu. Unni ni ishirini kasoro moja. Vivyo hivyo 29 ni unatti, yaani thelathini kasoro moja, 39 ni untali, 49 ni unanja, na huendelea hivyo mpaka 79, ambayo ni unasi. Mwanafunzi akidhani kwamba sasa ameishika sheria, hufika 99 na kukuta imevunjwa: 99 ni narinnven, na humo tisa imerudi mahali pake.

Makumi nayo ni haya: das, vih, tih, chali, pajah, satth, sattar, assi, nabbe, kisha mia, ambayo ni sau. Msomaji wa Nairobi aliyezoea kuiita noti ya mia "soo" hatashindwa kulikumbuka neno hilo. Ile "h" ya mwisho katika vih na tih haitolewi kwa pumzi; sauti hupandishwa tu. Kipunjabi ni lugha ya kupanda na kushuka kwa sauti, kama zilivyo lugha nyingi za makabila yetu.

Basi maana yake ni nini? Ni kwamba mtu hawezi kujitungia hesabu ya Kipunjabi. Lazima aipokee yote, nambari moja moja, kutoka kinywani mwa mtu mwingine aliyeipokea vivyo hivyo. Mtoto aliyefundishwa mpaka thelathini tu, huko mbele atapapasa gizani.

UBAO WA UDONGO NA KALAMU YA TETE

Wapunjabi walilijua jambo hilo, na kwa hiyo walibuni njia za kulitatua. Katika shule za vijijini, kwa vizazi vingi, mtoto alikwenda shuleni na ubao wa mti uitwao phatti. Ubao huo ulipakwa udongo laini uliokorogwa kwa maji, ukaanikwa juani, na watoto waliupunga hewani ili ukauke upesi. Juu yake waliandika kwa wino mweusi na kalamu ya tete. Jina la kalamu hiyo ni "kalam", na hapo msomaji hahitaji mkalimani. Kazi ya siku ilipokwisha, ubao ulioshwa na kupakwa udongo upya. Hapakuwa na daftari la kuweka kumbukumbu. Kilichobaki ni kile kilichoingia kichwani.

Ili kiingie, kiliimbwa. Majedwali ya kuzidisha huitwa pahare, nayo husomwa kwa mahadhi, darasa zima kwa sauti moja: "do duni char", mbili mara mbili ni nne, na kuendelea. Mwalimu au mtoto mkubwa hutangulia, wengine hufuata. Zamani watoto hawakuishia kwenye mara mbili na mara tatu. Waliimba pia jedwali la moja na robo, la moja na nusu, na la mbili na nusu, kwa sababu soko la rupia, ana na paisa lilikwenda kwa nusu na robo. Mfanyabiashara aliyeimba majedwali hayo utotoni aliweza kukupa bei ya mzigo mzima kabla hujamaliza kuuliza.

Vidole navyo vilikuwa na kazi yake. Wengi wetu huhesabu kidole kizima kizima, na mkono mmoja hutupa tano. Katika Bara Hindi wengi hutumia kidole gumba kugusa pingili za vidole vinne vilivyobaki. Kila kidole kina pingili tatu, kwa hiyo mkono mmoja hutoa 12. Waislamu wengi wa hapa kwetu wavutao uradi bila tasbihi waijua sana njia hiyo.

ROBO NA KASOROBO

Kuna sehemu moja ya hesabu ya Kipunjabi ambayo Mswahili ataipenda, kwa kuwa imefanana na ya kwetu. Sisi twasema "saa tatu kasorobo". Mpunjabi ana neno "paune", na maana yake ni hiyo hiyo: kasoro robo. "Paune naun" ni tisa kasorobo. Tofauti ni kwamba yeye hulitumia neno hilo kwa kila kitu, hata pale ambapo sisi tungeliacha. "Paune do sau" ni mia mbili kasoro robo ya mia, yaani 175.

Anayo na maneno mengine ya namna hiyo. "Sava" ni kuongeza robo: sava sau ni mia na robo yake, yaani 125. "Dedh" ni moja na nusu, hivyo dedh sau ni 150. "Dhai" ni mbili na nusu, na dhai sau ni 250. Kutoka tatu kwenda juu hutumiwa "sadhe", yaani na nusu: sadhe tinn sau ni 350. Mtu asiyeyajua maneno hayo akienda sokoni Amritsar au Lahore atajua kuhesabu moja hadi mia, na hata hivyo ataambiwa bei asiielewe.

Baada ya mia huja hazar, yaani elfu, kisha lakkh, ambayo ni laki yetu, na laki mia moja huwa karor, yaani milioni kumi. Ukisoma gazeti la India utaona mikato ya nambari imewekwa mahali pasipo pa kawaida kwetu. Laki moja huandikwa 1,00,000, na karor moja huandikwa 1,00,00,000. Hilo si kosa la mpiga chapa. Mkato wa kwanza kutoka kulia hutenga elfu, unaofuata hutenga laki, na wa tatu hutenga karor. Basi 12,50,000 ni sadhe baran lakkh, laki kumi na mbili na nusu. Kwa mwandiko wetu ni 1,250,000.

TARAKIMU NA MAANDISHI MAWILI

Kipunjabi huandikwa kwa namna mbili. Nchini India hutumiwa maandishi ya Gurmukhi, ambayo Guru Angad, kiongozi wa pili wa Masingasinga aliyeishi kati ya mwaka wa 1504 na 1552, ndiye asifiwaye kwa kuyatengeneza. Hata jina la alfabeti hiyo ni nambari: huitwa "painti", yaani thelathini na tano, kwa kuwa herufi zake za msingi ni 35. Nchini Pakistan hutumiwa Shahmukhi, maandishi yenye asili ya Kiarabu. Herufi za Shahmukhi hwenda kutoka kulia hadi kushoto, lakini tarakimu zake hwenda kutoka kushoto hadi kulia. Wazee wa Lamu na Mombasa waliozoea kusoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu hawataliona hilo kuwa geni.

Tarakimu za Gurmukhi kutoka sifuri hadi tisa ni hizi: ੦ ੧ ੨ ੩ ੪ ੫ ੬ ੭ ੮ ੯. Sifuri ni duara kama yetu. Mbili na tatu zakaribiana na zetu, zimeongezwa mkia tu. Mitego mikubwa ni miwili. Moja yao yafanana na 9 yetu, na nne yao yafanana na 8 iliyoachwa wazi kichwani. Mtu asiyeangalia vizuri ataisoma 14 kama 98.

Kufanana huko si kwa bahati. Tarakimu tunazoziandika sisi sote leo zilianzia Bara Hindi. Mwaka wa 628, mwanachuoni Brahmagupta aliandika kanuni za kutumia sifuri katika hesabu. Baadaye al-Khwarizmi akazieleza tarakimu hizo kwa Kiarabu mjini Baghdad, na mwaka wa 1202 Fibonacci wa Pisa akazieneza Ulaya kwa kitabu chake. Mwaka wa 1881, katika kijiji cha Bakhshali, karibu na Peshawar, mkulima mmoja alifukua hati ya kale ya magome ya mti iliyojaa hesabu, na ndani yake sifuri imeandikwa kwa nukta. Hati hiyo imehifadhiwa Oxford. Neno la kale la Kihindi lilikuwa na maana ya utupu. Waarabu wakalitafsiri kuwa "sifr". Neno hilo la Kiarabu likarudi Punjab kuwa "sifar", na likaja kwetu kuwa "sifuri". Kwa hiyo Mpunjabi na Mswahili, wakifika kwenye kitu kisicho na kitu, husema karibu neno moja.

Siku hizi shule, benki na magazeti katika Punjab ya India hutumia sana 1, 2, 3. Katiba ya India nayo, katika kifungu cha 343, yasema kwamba shughuli za Serikali Kuu zitatumia tarakimu za Kihindi kwa sura yake ya kimataifa. Mahali ambapo tarakimu za Gurmukhi hazijatikisika ni katika kitabu kitakatifu. Guru Granth Sahib ina kurasa 1430, na beti za nyimbo zake zimetiwa nambari kwa tarakimu hizo. Anayetaka kuusoma wimbo ahitaji kuijua nambari ya ukurasa na kuufuata ubeti kwa ubeti. Asiyejua tarakimu hupotea njiani.

NAMBARI ZENYE HADITHI

Nambari za Kipunjabi hubeba mambo mengi zaidi ya idadi. Yasimuliwa kwamba Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Masingasinga aliyezaliwa mwaka wa 1469, alipokuwa kijana alifanya kazi ya kupima nafaka katika ghala la mtawala mjini Sultanpur Lodhi. Alipokuwa akihesabu mizani na kufika kumi na tatu, "teran", aliingiwa na jazba, kwa kuwa neno hilo lakaribia kabisa "tera", na maana ya tera ni "yako". Akawa hapiti kumi na tatu. Alizidi kupima na kurudia "yako, yako", akimwambia Mungu kuwa vyote ni vyake, huku maskini wakipokea nafaka. Wenye husuda wakamshtaki kwamba anafilisi ghala. Hesabu ilipokaguliwa, hadithi yasema, hakuna kilichopungua. Ukiisimulia hadithi hiyo kwa Kiingereza au Kiswahili ni sharti usimame kueleza. Kwa Kipunjabi neno lenyewe lajieleza.

"Sava lakkh", yaani 125,000, nayo ina heshima yake. Kwa mapokeo ya Guru Gobind Singh, Singasinga mmoja shujaa huhesabiwa kuwa sawa na sava lakkh. Mashujaa waitwao Nihang, mmoja wao akija peke yake, husema kwamba jeshi la sava lakkh limefika. Huko Goindwal kuna kisima kikubwa kilichojengwa wakati wa Guru Amar Das, katika karne ya 16, chenye ngazi 84. Mahujaji hushuka na kusali katika kila ngazi, wakihesabu kwa miguu.

Katika arusi nako, bahasha ya zawadi haitiwi 100 wala 500. Hutiwa 101 au 501. Ile moja ya ziada ndiyo baraka, kwa kuwa sifuri huonekana kama mwisho, na moja ni mwanzo.

Katika mazungumzo ya kila siku, mtu aliyesema mguu niponye Mpunjabi husema "amekuwa tisa mbili kumi na moja". Vitu viwili ambavyo havitofautiani sana, husema tofauti yao ni ya unni na ikki, yaani ya 19 na 21.

SANTALI NA CHURASI

Yako maneno mawili ya hesabu ambayo wazee wa Kipunjabi hawayasemi kwa mchezo. La kwanza ni "santali", arobaini na saba. Mzee akisema "tulipotoka kwetu santali", ana maana ya mwaka wa 1947, Punjab ilipogawanywa na mamilioni ya watu wakahama kwa miguu, kwa magari ya ng'ombe na kwa treni, Waislamu wakielekea magharibi, Wahindu na Masingasinga wakielekea mashariki, na mamia ya maelfu wakauawa njiani. La pili ni "churasi", themanini na nne. Hilo ni jina la mwaka wa 1984. Mwezi wa Juni jeshi la India lilishambulia eneo la Hekalu la Dhahabu mjini Amritsar. Tarehe 31 Oktoba Waziri Mkuu Indira Gandhi akauawa na walinzi wake wawili waliokuwa Masingasinga, na katika siku zilizofuata maelfu ya Masingasinga wakauawa mjini Delhi na kwingineko.

Mzee hasemi "elfu moja mia tisa". Hutaja ile nambari ya mwisho tu, na kila aliye wa rika lake hunyamaza. Sasa mfikirie mjukuu aketiye karibu naye, ajuaye kuhesabu kwa Kipunjabi mpaka ishirini tu. Kwake santali ni sauti isiyo na maana. Hawezi hata kuikisia, kwa sababu, kama tulivyoona, santali haijengwi kwa arobaini na kwa saba. Ama umefundishwa, ama hukufundishwa. Mlango wa historia ya jamaa yake umefungwa mbele yake kwa kukosa nambari moja.

MNYORORO UKIKATIKA

Wajukuu wa namna hiyo wako wengi. Pakistan ndiko waliko Wapunjabi wengi kuliko kwingine, lakini shule hufundisha kwa Kiurdu na Kiingereza, na mtoto wa mjini huzoea kusema "bis" ya Kiurdu mahali pa "vih", na "pachas" mahali pa "pajah". Upande wa India, Kihindi nacho chaleta bis na pachas hizo hizo. Katika sensa ya mwaka wa 2021 ya Uingereza na Wales, watu wapatao 291,000 walisema Kipunjabi ndiyo lugha yao kuu. Miongoni mwa Wapunjabi wa huko wako waliotoka kwetu, hasa katika miaka ya 1967 na 1968, Waasia wengi wa Kenya walipohamia Uingereza.

Hapa Kenya, Serikali iliwatambua raia wenye asili ya Kiasia kuwa kabila la 44 mwaka wa 2017. Katika mahekalu ya Masingasinga watoto hufundishwa kusoma Gurmukhi siku za mapumziko ya shule. Hilo ni jambo jema. Lakini somo la saa moja kwa juma halitoshi kuingiza majina mia moja kichwani. Majina hayo huingia mtoto akiulizwa chapati ziko ngapi, akihesabishwa ngazi anapopanda, akitumwa dukani na kurudishwa kwa chenji iliyopungua. Huingia nyumbani.

Na sisi tusiwacheke. Msomaji, mwulize kijana yeyote wa mjini bei ya shati. Atakujibu kwa Kiswahili mpaka afike kwenye bei, kisha atarukia Kiingereza. Mwambie akuhesabie kutoka sitini hadi tisini, umtazame atakavyokwama kati ya sitini, sabini na themanini. Naye hana udhuru wa Mpunjabi. Yeye alipewa matofali 18 tu, na kwa hayo angeweza kujenga nambari zote hadi 99. Mtoto wa Kipunjabi ana majina mia moja ya kubeba, na wako waliokwisha kuyabeba yote kutoka Jhelum hadi Makindu, wakayafikisha salama. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba, mtu hukipima kwa hesabu aliyofundishwa kwao.